Kona ya Bibi Harusi

"Yule mtu hapigi picha," alisema shangazi.

Breki alikuwa ameinama juu ya boneti, akifuta kioo cha mbele cha gari kwa gazeti lililoloweshwa maji. Hakugeuka.

"Si kila mgeni anapiga picha, shangazi."

"Kila mgeni anapiga picha. Nimepokea wageni tangu hujaota meno. Wanapiga daraja, wanapiga maporomoko, wanampiga mbuzi wangu, wanapiga mpaka nguo zangu kwenye kamba. Huyu anapanda gari, anatazama, anashuka, anakwenda zake. Wiki inayofuata, yuleyule, barabara ileile. Mtu wa namna hiyo si mtalii. Anatafuta kitu."

"Anapenda milima."

"Milima ipo kila mahali." Shangazi alilikung'uta zulia la gari ukutani kwa nguvu zaidi kuliko lilivyostahili. "Au anapenda dereva. Na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Sijaona ndugu yake, sijaona rafiki yake, sijui kwao wapi. Anasema ni daktari wa mifugo. Haya, na mimi nitasema ni rubani."

Breki alicheka kidogo, lakini moyoni hakucheka. Shangazi ndiye aliyemlea, na jicho la shangazi halikuwa la kupuuzwa. Hata hilo la udaktari alikuwa amekwisha kulipima: siku moja alimkokotea yule mwanaume mbuzi wake uani, akamwambia anakohoa, atibiwe. Yule bwana akakunja mikono ya shati, akamshika mbuzi taya, akamwingiza kidole kooni na kutoa kipande cha kamba ya nguo. "Hana kikohozi, mama," alisema kwa upole. "Ana tamaa." Breki alimpenda zaidi tangu siku ile. Shangazi alimshuku zaidi. Alisema mwongo hodari huanza kwa kusema kweli ndogondogo.

Madereva wenzake, wote wanaume, walimpachika binti huyu jina la Breki kwa sababu hakukuwa na kona aliyoiingia bila kukanyaga breki kwanza. Jina lilianza kama kejeli, likageuka kuwa tangazo la biashara, maana wageni walioogopa milima walimtafuta yeye. Barabara yenyewe ilianzia mjini chini ya bonde, ikavuka daraja la mawe, ikapita kibanda cha ushuru cha zamani, ikapita maporomoko, halafu ikaanza kujikunja kuelekea kileleni. Kila mahali palikuwa na habari zake, na Breki alizijua zote. Wageni wengi walizisikiliza kwa sikio moja, wakihangaika na kamera zao. Huyu alisikiliza kwa uso mzima. Alipomsimulia mlinzi wa ushuru aliyelala amejifunga mnyororo wa barabarani kwenye kidole gumba cha mguu, ili asipitwe usingizini, yule mwanaume alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamtazama Breki kwa muda mrefu kidogo kuliko kicheko kilivyohitaji. Safari iliyofuata hakukaa tena kiti cha nyuma.

Lakini maswali yake yalikuwa ya ajabu. Hakuuliza urefu wa mlima wala kina cha bonde. Aliuliza watu. Nyumba ile ya nani? Ukoo huu bado upo? Wazee wa zamani wangapi wako hai? Mwaka uliopita alikuja bwana mmoja mpole vilevile, mwenye maswali kama hayohayo, na kumbe alikuwa akitafuta wazee wa kuwarubuni wauze mashamba. Breki alijaribu kutolifikiria hilo. Alilifikiria kila siku.

Na ilikuwapo ile kona.

Kila dereva wa bonde alisimama pale. Ndipo mandhari yote ilipofunguka, mto ukionekana chini kama utepe, na ndipo palipokuwa na hadithi iliyowapendeza wageni kuliko zote. Zamani, siku moja kabla ya harusi, kijana mmoja fundi wa mawe alimpandisha mchumba wake hapo kwa pikipiki. Alirudi peke yake. Kitambaa cha kichwa cha msichana kilikutwa kimenasa kwenye kichaka ukingoni mwa korongo. Mwili haukuonekana kamwe. Fundi aliulizwa, akasema msichana aliteremka, hajui alikokwenda. Aliwekwa ndani, akatolewa kwa kukosa ushahidi, na tangu hapo pakaitwa Kona ya Bibi Harusi. Madereva wengine walimalizia kwa kushusha sauti: wanasema alimsukuma.

Breki peke yake hakusimama pale. Fundi yule alikuwa babu yake.

Alikuwa amemwambia yule mwanaume. Ilikuwa siku ya mvua, wamejibanza ndani ya gari kando ya kibanda cha ushuru, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zao, naye alimuuliza kwa mara nyingine kwa nini hawasimami konani. Basi akamwambia yote, hadi lile ambalo familia haikulisema mezani: kwamba shangazi alikuwa na mchumba, mwalimu, na siku za kuoana zilipokaribia mama wa mwalimu alikuja kuvunja uchumba. Alisema hawezi kumwozesha mwanawe kwenye nyumba inayomeza maharusi. Shangazi hakuposwa tena.

Yule mwanaume alimshika mkono. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Breki alidhani ni huruma, na usiku ule hakulala kwa furaha ya kushikwa mkono.

Sasa alikunja lile gazeti, akalitupa, akafungua mlango wa gari.

"Leo nitamuuliza," alimwambia shangazi.

"Muulize akiwa ametulia," shangazi alijibu, "na umtazame mikono. Uso wa mwanaume hufundishika. Mikono hapana."

*

Alimkuta akingoja nje ya nyumba ya wageni, amevaa koti la kijivu, viatu vimepigwa rangi. Hilo nalo lilimtia shaka. Nani anapiga viatu rangi kwa safari ya vumbi?

"Umependeza," Breki alisema, akiondoa gari.

"Asante."

"Kuna mtu wa kuonana naye huko juu?"

Alisita kidogo tu, kama gari linavyosita kati ya gia na gia. "Hapana. Ni siku nzuri tu."

Mikono yake, iliyokuwa magotini, ilikunjana.

Walivuka daraja. Walipita maporomoko bila kusimama. Kwa kawaida mazungumzo yao yalianza hata kabla ya kufunga mikanda. Yule mwanaume alikuwa akimtania Breki kwa uangalifu wake, naye Breki akimtania kwa kuongea na ng'ombe wa njiani kama jamaa zake. Leo kila mmoja alitazama upande wake. Breki aliiona sura yake kwenye kioo cha pembeni, jinsi taya lilivyokakamaa, akataka kuinyoosha ile mikunjo ya uso kwa kiganja, na papo hapo akajikasirikia. Unamtamani mtu usiyemjua, alijiambia. Shangazi hajakosea.

"Leo naomba tusimame konani," alisema yule mwanaume.

"Unajua sisimami pale."

"Najua. Naomba tu kwa dakika chache. Wewe baki garini."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza tukirudi."

Breki alisimamisha gari. Alivuta breki ya mkono hadi mwisho, akazima injini, akamwona akishuka na kuelekea ukingoni, penye ukuta mfupi wa mawe. Kisha akamwona akitoa simu, ile simu isiyopiga picha, akaiweka sikioni na kumpa mgongo.

Breki hakuwa mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu. Siku ile alishuka, akauacha mlango wazi usije ukalia, akasogea hadi nyuma ya bango la barabarani.

"Mke wangu," yule mwanaume alikuwa akisema, kwa sauti laini ambayo Breki aliidhania ni yake peke yake. "Nimefika. Nimesimama pale pale ulipotaka nisimame. Ndiyo, nauona mto. Hapana, bado hajui. Niko naye, yuko garini. Nitamwambia vipi, mke wangu? Ulinikataza mwenyewe... Usilie. Nakuomba usilie."

Breki alirudi garini. Hakukumbuka alivyotembea. Alikaa, akashika usukani kwa mikono yote miwili ilhali gari limezimwa, akasikia masikio yakimwaka moto. Kwa hiyo ndicho hicho. Si mashamba, si wazee. Mwanaume mwenye mke, na mke mwenyewe anajua, na wote wawili wanamjadili yeye kama mgonjwa.

Mlango wa abiria ulifunguliwa.

"Mkeo hajambo?" aliuliza.

Yule mwanaume aliganda, mguu mmoja ndani na mwingine nje. "Nini?"

"Nauliza mkeo. Yule anayelia. Amepoa?"

"Umesikia."

"Nimesikia ya kutosha. Ingia nikurudishe, au teremka kwa miguu. Ni mteremko mtupu, hutachoka."

Aliingia. Alifunga mlango polepole. Breki alimwona akiuma mdomo, na kwa namna isiyoelezeka ilionekana kama anajizuia kucheka na kulia kwa pamoja.

"Yule si mke wangu," alisema. "Ni bibi yangu."

"Ndiyo nauliza, huyo bibi yako, hajambo?"

"Bibi mzaa baba. Mama yake baba yangu. Ananiita mume wangu tangu nikiwa mtoto, na mimi namwita mke wangu. Hana meno, ana fimbo, na ananionea wivu kweli kweli. Lakini ni bibi."

Breki alitaka kuamini kwa haraka mno, na haraka hiyo ndiyo iliyomtia hofu.

"Bibi yako anataka usimame kwenye kona hii kwa nini?"

Yule mwanaume alitazama mbele, kwenye ule ukuta wa mawe.

"Kwa sababu ndipo alipopandia lori," alisema.

Upepo uliingia kupitia dirishani. Chini kabisa lori jingine lilisikika likipanda, likinguruma kila kona.

"Lori gani?"

"La mbao. La babu yangu. Alikuwa akisomba mbao kutoka ng'ambo ya kilele. Bibi yangu alitoka bonde hili siku moja kabla ya harusi yake. Ile hadithi uliyonisimulia siku ya mvua..." Alielekeza kidole ukingoni. "Yule bibi harusi hakuanguka. Ana wajukuu. Mimi ni mmoja wao."

Breki alisikia maneno yote na hakuelewa hata moja. Kisha akaelewa yote kwa mkupuo. Alimwona babu yake akienda dukani na watu wakihama benchi. Alimwona shangazi akipiga pasi gauni ambalo hakulivaa popote.

"Uliniacha nikusimulie," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha zaidi yule mwanaume. "Nilikaa na wewe kwenye mvua, nikakueleza babu yangu anavyoitwa muuaji. Nikakueleza mambo ya shangazi. Ukanishika mkono. Na wakati ule ulikuwa unajua."

"Nilijua kwamba alikimbia. Sikujua kwamba mtu mwingine alibebeshwa. Nakuapia, sikujua mpaka uliponiambia. Na yeye hakujua. Alikitupa kile kitambaa ili kaka zake wadhani ameteleza, wasimfuate. Alinituma nije nione tu kama bwana yule bado yu hai, kama alioa, kama alipata watoto. Basi."

"Na baada ya mvua? Umepanda gari hili mara ngapi baada ya mvua?"

"Nilimwambia usiku uleule. Aliugua. Akanisihi nisiseme neno mpaka apate nguvu ya kusema mwenyewe. Ni mzee, na ni bibi yangu. Ningefanyaje?"

"Ungesema." Breki alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Babu yangu naye ni mzee. Kila siku uliyomngojea bibi yako apate nguvu, babu yangu aliamka akiwa muuaji. Watu wote hungojewa isipokuwa sisi."

Mikono ya yule mwanaume ilikuwa wazi juu ya magoti, viganja juu, haifichi kitu.

"Kuna jambo jingine," alisema baadaye. "Bora ulisikie lote. Bibi anasema babu yako alijua. Anasema ndiye aliyempandisha lorini. Alimwambia ukweli njiani, kwamba moyo wake uko kwa mwingine, naye akageuza pikipiki, akamleta hapa, wakangoja pamoja kwenye ukungu mpaka lori likafika. Bibi alizivua hereni zake za harusi amrudishie, naye akazisukuma tena mkononi mwake, akamwambia utazihitaji."

"Uongo."

"Ndivyo anavyosema."

"Basi bibi yako anajisafisha. Mtu gani anajua kitu cha kumsafisha, halafu anakaa nacho mpaka uzee? Anamwona binti yake akikataliwa, na anakaa nacho? Babu yangu si mjinga."

"Sijasema ni mjinga."

Breki aliwasha gari.

Walianza kuteremka. Alikanyaga breki kwenye kila kona kama kawaida yake. Walipofika kwenye nyumba ya wageni hakupunguza mwendo.

"Umepita kwangu," alisema yule mwanaume.

"Najua."

*

Babu alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya ukuta wa bustani, akiziba nyufa kwa udongo na saruji. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kuinua jiwe tena, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuugusa ukuta ule. Shangazi alikuwa barazani akipiga pasi. Aliwaona wakiingia pamoja, akaitua pasi kwa kishindo.

"Nilisema umuulize," alisema. "Sikusema umlete."

"Amejibu, shangazi. Sasa nataka babu ayapime majibu yake."

Babu aliinuka kwa kujishikilia ukutani. Yule mwanaume alimwamkia kwa heshima, kichwa kimeinama, na babu akamwitikia, akijipangusa udongo kwenye suruali.

"Ndiye huyu daktari wa mbuzi?"

"Ndiye," alisema Breki. "Babu, huyu anasema bibi yake ni yule msichana wa konani. Anasema yu hai. Anasema wewe ndiye uliyempandisha lorini kwa mkono wako." Alikuwa bado ameshika ufunguo wa gari. "Mwambie anasema uongo, nimwondoe hapa."

Babu hakumtazama Breki. Alimtazama yule mwanaume, kwanza macho, kisha paji la uso, kisha masikio, kama anayekagua kazi ya fundi anayemfahamu.

"Masikio ni ya yule dereva," alisema hatimaye. "Alikuwa na masikio makubwa kweli. Nilimwambia bibi yako, kati ya mimi na huyu unachagua masikio?"

Hakuna aliyecheka.

"Bado anatembea?" aliuliza babu.

"Kwa fimbo, babu."

"Na yule bwana?"

"Amefariki. Waliishi vizuri."

"Vizuri," babu alirudia, akatikisa kichwa taratibu. "Nafurahi kusikia hivyo."

Shangazi alishuka barazani. Alitembea kama mtu anayeogopa ardhi itamtoka miguuni. Alisimama mbele ya baba yake, karibu sana.

"Ulijua."

"Nilijua, mwanangu."

"Na mama?"

"Nilimwambia kabla hajanikubali. Sikutaka aolewe na mtu asiyemjua."

"Mama alijua." Shangazi alilisema kama anayeonja kitu kichungu. "Nyote mlijua. Na siku mama yake mwalimu alipokaa pale," alinyoosha kidole barazani, "akasema aliyoyasema, mimi nikiwa nyuma ya pazia, wewe ulikuwa umekaa mbele yake. Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Mimi uliniweka wapi, baba?"

Babu alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ukuta wake. Breki alitaka kumsogelea, akabaki alipo.

"Kaka zake walikuwa wameapa kumuua akikimbia harusi," babu alisema. "Si kwa maneno tu. Walipanda hadi ng'ambo na mapanga, wakakaa huko wiki nzima wakiulizauliza. Kama ningesema, wangemfuata, yeye na watoto wowote aliokwisha kuwazaa. Siku ile ya mama yake mwalimu nilimfuata njiani baada ya kuondoka. Nilifika hadi langoni kwake. Nilikuwa na neno mdomoni. Halafu nikamwona kaka mkubwa wa yule msichana wa konani ameketi pale barazani, ni jamaa yao kwa upande wa mama. Nikageuka."

"Ukachagua mtoto wa mwingine."

"Ndiyo." Hakujitetea. "Nilidhani utapata mwingine. Nilidhani watu watachoka kusema. Hawakuchoka."

"Kaka yake wa mwisho tulimzika mwaka jana. Nilikupeleka mwenyewe mazishini, ukasimama nyuma ya watu wote. Mbona hukusema siku ile?"

Babu alimwangalia binti yake, na Breki akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye uso ule: woga.

"Nilikuogopa wewe," alisema. "Watu wote wa bonde hili sikuwaogopa. Niliogopa utaniuliza hili unaloniuliza."

Pasi ilianza kutoa harufu ya nguo inayoungua, na yule mwanaume, bila kutumwa, alikwenda akaichomoa kwenye umeme. Aliporudi, shangazi alikuwa amenyoosha mkono.

"Mpigie," alimwambia.

"Mama?"

"Huyo bibi yako. Mpigie, unipe mimi."

Yule mwanaume alimtazama Breki. Breki hakumsaidia. Basi akapiga, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, akaitoa simu.

Shangazi aliishika kwa mikono yote miwili. "Mimi ni binti wa yule uliyengoja naye kwenye ukungu," alisema. "Hunijui. Mimi nimekujua maisha yangu yote." Alisikiliza. Sauti nyembamba ilisikika ikikatika na kuendelea. Wote uani walisimama wakimtazama, na yeye alitazama ukuta tu. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe alivuta pumzi.

"Usinililie," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wala upole. "Sijakupigia ili ulie. Utakuja. Huyu mjukuu wako na binti wetu watakufuata kwa gari. Utateremka kwa barabara ileile, mchana, siku ya soko, vioo vikiwa chini. Pale dukani mtasimama. Utashuka, utasimama karibu na baba yangu, watu wakutazame mpaka washibe. Mengine tutazungumza ndani, mimi na wewe, na siahidi kwamba nitakuwa mpole." Alisikiliza tena. "Haya. Vaa nguo nzito, juu kuna baridi."

Alimrudishia mwenyewe simu yake, akapita katikati yao, akaingia jikoni. Walimsikia akifungua bomba na kuacha maji yamwagike bila kazi yoyote.

Babu alijipapasa kidevu. "Anakuja kweli?" alimuuliza yule mwanaume.

"Anakuja, babu."

"Basi mtu aniletee maji ya moto. Siwezi kuonekana na ndevu hizi." Akakumbuka kwamba si leo, akakaa tena, akauchukua mwiko wake wa saruji na kuuacha magotini.

Breki alikwenda jikoni. Shangazi alikuwa amempa mgongo, mabega yametulia mno. Alimkumbatia kwa nyuma, naye shangazi hakumsukuma.

"Nilisema anatafuta kitu," alisema shangazi, akiyaambia maji.

"Ulisema."

"Unampenda?"

"Sijui kama namwamini."

"Sikukuuliza hilo." Alifunga bomba. "Mpelekee chai. Amesimama juani tangu afike, na hajajitetea hata mara moja. Hilo nimelihesabu."

Breki alimimina chai, akatoka nayo. Yule mwanaume alikuwa kando ya gari, koti mkononi, kama mtu asiyejua kama amefukuzwa au la.

"Bado nimekasirika," Breki alimwambia.

"Ni haki yako."

"Nitakasirika mpaka barabarani, na huko ng'ambo, na kurudi. Usinibembeleze."

"Sitakubembeleza."

"Na kama kuna jambo jingine lolote, hata dogo, lisemee hapa."

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, na Breki akamngoja.

"Mara ya pili nilipopanda gari lako," alisema, "sikuwa nimetumwa na bibi. Maswali yake ningeweza kumuuliza dereva yeyote. Nilikuja kwa ajili yangu."

Breki alitazama pembeni kwanza. Kisha akampa kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vilipofunika vya Breki juu ya joto la kikombe, Breki hakuvitoa upesi.